Televisheni ya Chogo

Mtu anapozungumza juu ya utamaduni wa taifa, aghalabu hutaja ngoma, mashairi, vinyago, mavazi na mapishi. Hatuna ugomvi na orodha hiyo. Lakini chombo chochote kikikaa sebuleni mwa watu kwa muda wa kutosha, kikafunikwa kitambaa cha kufuma, kikawa na saa yake ya kuwashwa, na majirani wakakaribishwa mbele yake, basi chombo hicho nacho kimekwisha kuingia katika utamaduni, hata kama kilitoka ng'ambo. Makala haya yanahusu chombo cha namna hiyo, yaani televisheni ya zamani, ile ambayo watu wameipa jina la televisheni ya chogo, na jinsi ilivyofanywa ipokee matangazo ya dijitali. Yanahusu pia kosa tulilolifanya sisi wenyewe mbele ya mzee aliyetuamini.

Upande wa Zanzibar televisheni ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1970, nayo ilikuwa ya rangi tangu mwanzo, wakati ambapo nchi nyingi za Afrika zilikuwa bado katika picha za weusi na weupe. Bara tulikaa miaka mingi bila televisheni, na kwa makusudi. Viongozi wa wakati ule waliona kwamba redio yatosha kumfikia mkulima shambani, na kwamba fedha za kigeni, ambazo zilikuwa haba, zina kazi nyingine. Ubingwa wa Coastal Union wa mwaka 1988, ambao mji wa Tanga bado unausimulia barazani, sisi tuliupata kwa redio tu. Mabao tuliyaona kwa masikio. Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993 ndiyo iliyowafungulia mlango watangazaji wa binafsi, na mwaka 1994 stesheni za kwanza za bara zikaanza kuonekana. Kwa hiyo, televisheni ya chogo ilipoanza kuitwa ya kizamani mwaka 2012, kwetu huku bara haikuwa imetimiza hata miaka ishirini. Ilizeeka kabla ya kupevuka.

Kwa kuwa wasomaji wetu wengine wamezaliwa wakaikuta televisheni bapa ukutani, yafaa tueleze jina hilo. Chogo ni ile sehemu ya nyuma ya kichwa iliyotokeza. Televisheni ya zamani ilikuwa na kioo kikubwa chenye umbo la faneli. Shingoni mwake mlikuwa na kifaa kilichofyatua chembe za umeme, nazo zilikwenda kuugonga uso wa kioo uliopakwa dawa ing'aayo inapogongwa. Ili chembe hizo ziweze kutawanywa kioo kizima, zilihitaji nafasi ya kusafiri, na nafasi hiyo ndiyo lile chogo lililokuwa likigusa ukuta. Wananchi hawakungoja kamati iwatafutie jina. Waliitazama kwa ubavu, wakacheka, wakaipa.

Jirani yetu katika mitaa ya Ngamiani, mjini Tanga, alikuwa na televisheni ya namna hiyo, ya inchi 14. Alikuwa mstaafu wa reli, na aliinunua kwa sehemu ya kiinua mgongo chake. Nyuma ilikuwa na tundu moja tu, tundu la waya wa antena. Kila ilipokaribia saa mbili ya usiku aliigeuza dirishani, uso wake ukaelekea barazani, na watu wa mtaa wakatandika jamvi. Kulikuwa na sheria moja: taarifa ya habari ikianza, hapana kusema. Mtoto akicheka, mzee alikohoa mara moja, basi. Baada ya habari kila mtu aliruhusiwa kuwa waziri.

Mambo ya dijitali yalianzia mbali. Mwaka 2006 katika mkutano wa Geneva, nchi za Ulaya, Afrika na Mashariki ya Kati zilikubaliana kwamba matangazo ya televisheni ya mfumo wa zamani, ule wa analojia, yaachwe, na tarehe 17 Juni 2015 ikawekwa kuwa kikomo kwa nchi nyingi. Nchi za Afrika Mashariki zilikusudia kutangulia na kumaliza mwishoni mwa mwaka 2012. Tanzania ilishika ahadi hiyo. Mitambo ya zamani ilizimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012. Dodoma na Tanga zikafuata tarehe 31 Januari 2013, kisha Mwanza, Arusha na Moshi, na Mbeya.

Katika miezi ile ya matangazo na mabango, mzee alituita barazani kwake. Tulimwamkia, akaitikia, akatuonyesha kiti.

"Mwalimu," akasema, "wanasema watazima. Hii yangu itafaa, au ndiyo imekufa?"

Sisi tulikuwa tumesoma gazetini kwamba televisheni za zamani haziwezi kupokea mawimbi ya dijitali. Jambo hilo lilikuwa kweli, ila lilikuwa nusu ya jambo. Tuliizunguka televisheni, tukaliona lile tundu moja, tukakumbuka kwamba yetu nyumbani ina matundu matatu zaidi ya rangi, nasi kwa sauti ile ile tuliyoizoea darasani tukamjibu kwamba haitafaa, kwa kuwa haina hata mahali pa kuchomekea. Mzee hakubishana. Jioni alisikika akiwaambia wenziwe, "Mwalimu kasema."

Baada ya siku chache alipita kijana wa vyuma chakavu na mkokoteni wake. Televisheni ya mzee ikauzwa kwa bei ya kilo chache za sukari. Tuliiona ikipita mbele ya mlango wetu, imelazwa chali, kioo chake kinatazama mbinguni. Kitambaa cha kufuma hakikuuzwa. Kilikunjwa, kikarudishwa kabatini.

Usiku wa Januari 31 ukapita, na asubuhi tulipowasha yetu tukakuta chenga tupu. Hapa tena inafaa tusimame kidogo kwa ajili ya wanafunzi wa lugha. Chenga ni punje za mchele zilizovunjikavunjika. Aliyeutazama uso wa televisheni isiyopata matangazo, ule unaochemka kwa vitone vyeupe na vyeusi, akaona ungo wa chenga, huyo alikuwa mshairi, na jina lake halikuandikwa popote. Na kile kifaa tulichotakiwa kununua nacho kilikuwa kimepata jina zuri: king'amuzi. Kama vile amua ilivyotupa mwamuzi, na chungua ikatupa mchunguzi, ndivyo ng'amua ilivyotupa king'amuzi, yaani chombo kinachong'amua. Tumewasahihisha wanafunzi wengi wanaoandika neno hilo bila kibainishi baada ya ng. Wakiliacha hivyo husomeka kana kwamba latokana na kingamua, neno ambalo halipo.

Tulikinunua kwa fedha zilizouma. Wakubwa walikuwa wameeleza kwamba chaneli kadhaa za humu nchini zingeonekana bila ada ya kila mwezi, lakini kisanduku chenyewe kilikuwa cha kununua, na kwa mwalimu hiyo si sarafu ya mfukoni. Tulichomeka waya kama tulivyodhani. Ikaja sauti, picha haikuja. Tukabonyeza kila kitufe cha rimoti. Ikaja picha, haina rangi, nayo inakimbia kwenda juu kama mtu anayepanda ngazi. Ndipo tulipomtuma mtoto amwite fundi.

Fundi yule alikuwa amepita mikononi mwetu kidato cha tatu, na hatukumbuki kama tuliwahi kumsifu. Alitukuta tumechuchumaa nyuma ya kabati, akacheka kwa adabu, akasema, "Mwalimu, pisha kidogo." Kisha akaanza kutufundisha.

Waya wa njano ni wa picha. Mweupe na mwekundu ni wa sauti, mmoja upande wa kushoto na mwingine wa kulia; televisheni yenye spika moja huhitaji mweupe peke yake. Kisha lazima televisheni iamrishwe iache kusikiliza antena, isikilize matundu yale, na kazi hiyo hufanywa na kitufe kilichoandikwa AV. Kuhusu rangi iliyopotea na picha iliyokimbia, king'amuzi chetu kilikuwa kimewekwa katika mfumo wa NTSC, uliotumika Marekani, na televisheni yetu ilijua PAL tu, mfumo uliotumika kwetu na katika nchi nyingi za Ulaya. Aliingia katika orodha ya king'amuzi, ambayo yote ilikuwa ya Kiingereza, akabadilisha neno moja, na mtangazaji akatulia, midomo yake myekundu.

Tulimwuliza swali ambalo ilitupasa kuuliza miezi mitatu nyuma: je, kisanduku hiki kinafanya nini hasa? Alijibu kwa maneno ya ufundi, nasi tunayaeleza hapa kwa namna yetu. Wasomaji waliokulia pwani wanaujua mchezo wa kinyume. Watoto wakitaka kuwaficha wengine siri, huitoa silabi ya mwisho wakaitanguliza, nyumba ikawa mbanyu, mbuzi ikawa zimbu. Asiyejua kinyume husikia makelele tu, ingawa masikio yake ni mazima. Televisheni ya chogo ilikuwa katika hali hiyo. Katika mfumo wa zamani wimbi lenyewe lilikuwa likipanda na kushuka kwa kadiri ya mwanga na kiza cha picha, na televisheni ikalitii moja kwa moja. Katika mfumo mpya picha hugeuzwa kwanza kuwa tarakimu, sifuri na moja, nyingi mno. Tarakimu hizo hupunguzwa kwa kuacha yanayojirudia, kisha hufungwa pamoja na za stesheni nyingine, hata masafa yaliyokuwa yakibeba stesheni moja yakabeba kumi na zaidi. Ndiyo sababu mataifa yalitaka mabadiliko haya: nafasi iliyookolewa hewani imetumiwa kwa simu na intaneti. King'amuzi hupokea kinyume hicho, hukifumbua, kisha huisemesha televisheni kwa lugha yake ya zamani. Televisheni yenyewe haibadilishwi hata msumari.

Antena nayo mara nyingi haikuhitaji kubadilishwa, na jambo hili liliwagharimu wengi waliouziwa mpya bila haja. Wimbi linalobeba tarakimu ni wimbi vilevile, na fito za alumini juu ya mwanzi haziulizi limebeba nini. Kilichobadilika ni namna ya kushindwa. Zamani mawimbi yakiwa dhaifu picha ilijaa chenga kidogo kidogo, na mtu mwenye subira aliweza kutazama mpira wote katika ukungu. Sasa, pamoja na tarakimu za picha, hutumwa nyingine za kusahihishia makosa. Makosa yakiwa machache hurekebishwa na picha ikawa safi kabisa. Yakizidi kiasi, picha huganda, ikavunjika vipande vya mraba, ikatoweka. Hapana katikati.

Fundi alipokuwa akikusanya vyombo vyake tulimwambia, kama watu wanaotafuta kuungwa mkono, kwamba wenye televisheni za tundu moja ndio walioonewa.

"Hata zile zinafaa, Mwalimu," akajibu bila kuinua kichwa. "Ving'amuzi vingine vina tundu la kutolea kwa njia ya antena. Kisichokuwa nalo, unatia kidude katikati."

Akakitoa mfukoni: kisanduku kidogo, hakizidi viberiti viwili. Kidude hicho huchukua picha na sauti kutoka kwa king'amuzi, kikazivika wimbi la mtindo wa zamani, kikalipeleka katika tundu la antena. Televisheni hudhani imepata stesheni. Kazi ya mwenye nyumba ni kuitafuta stesheni hiyo mara moja, kama alivyozitafuta zote, na kuihifadhi.

Tulimlipa, tukamshukuru, tukakaa.

Tulichukua siku tatu kabla ya kuvuka barabara. Yako makosa ambayo mwalimu huyasahihisha ubaoni kwa kifutio, na wanafunzi wakasahau kabla ya kengele. Hili halikuwa hivyo. Dirisha la mzee lilikuwa limefungwa tangu saa mbili za usiku zilipokosa kazi, na watu wa jamvi walikuwa wametawanyika, kila mmoja kwake, wengine katika vibanda vinavyotoza kiingilio. Hatimaye tulikwenda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Karibu."

Tulimweleza yote, pamoja na habari ya kidude. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya bakora.

"Kumbe ulikuwa hujui," akasema.

Tulikiri kwamba hatukujua.

"Ungeniambia hujui, ningemwuliza mwingine."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu wa reli anayeeleza jinsi garimoshi lilivyopitishwa njia siyo. Sisi tumefundisha kwa miaka mingi, na katika miaka hiyo tumejibu maswali mengi ya wazazi juu ya mbolea, dawa za mseto, fomu za pensheni na mikopo, kwa sababu tu katika mtaa mwalimu huhesabiwa kuwa anajua. Usiku ule tulijaribu kuhesabu ni mangapi katika hayo tuliyoyajibu kwa kujua, tukaiacha hesabu kabla haijafika mwisho.

Kesho yake tulikwenda na fundi kuitafuta televisheni mahali vyuma chakavu vinapokusanywa. Tuliikuta, yaani tulikuta mabaki yake. Walikuwa wamelipasua kasha la plastiki, wakatoa koili ya shaba shingoni, na kioo kikatupwa kando karibu na mfereji. Fundi alitukataza kukigusa. Vioo vya namna hii vina madini ya risasi ndani yake, na risasi ni sumu. Tena, televisheni ya chogo, hata baada ya kuchomolewa ukutani, yaweza kuwa na umeme uliobaki ndani yake, kwa maana kioo cha picha za rangi hufanya kazi kwa zaidi ya volti 20,000. Vijana waliokuwa wakizivunja pale kwa nyundo hawakuwa wamevaa hata kandambili. Hatujui ni nani aliyewajibika kuwaambia. Televisheni ngapi nzima zilivunjwa namna ile mwaka ule, kwa sababu mtu fulani mwenye kuaminiwa alisema zimekufa?

Fundi ndiye aliyetuokoa. Kibandani kwake kulikuwa na televisheni nyingine ya inchi 14, mwenyewe amenunua bapa akaiacha iwe malipo ya deni. Tuliinunua, pamoja na king'amuzi na kidude, kwa kulipa kidogo kidogo mpaka mwezi wa tano. Mzee alikataa kuipokea bure. Tukapatana kwamba atoe sehemu, naye aliitoa yote kwa noti ndogo ndogo. Kwa kuwa orodha ya king'amuzi ilikuwa ya Kiingereza, tuliandika hatua zote kwa Kiswahili katika karatasi ya daftari: washa kisanduku kwanza, kisha televisheni, shika stesheni namba moja, usiiguse tena, chaneli badilisha kwa rimoti ya kisanduku, si ya televisheni. Karatasi hiyo ilibandikwa ubavuni mwa lile chogo, na baada ya muda tuliiona imenakiliwa katika nyumba mbili nyingine za mtaa, makosa yetu ya mwandiko yakiwa yamehifadhiwa.

Jamvi halikurudi lote. Nyumba zilizopata ving'amuzi vyao zilibaki na watu wao, na tusiseme kwamba hilo ni la king'amuzi peke yake. Walirudi watano au sita, na watoto.

Likabaki jambo la umbo. Picha za siku hizi hutengenezwa pana, kwa uwiano wa 16 kwa 9, na kioo cha chogo ni cha 4 kwa 3. Ama picha iminywe, watu wawe warefu kama minazi. Ama ikatwe pembeni. Ama iachwe nzima na kuwekewa mistari miwili myeusi, mmoja juu na mwingine chini. Tulimwonyesha mzee zote tatu. Ile ya mistari aliitazama kwa muda, akasema televisheni imefungwa kilemba juu na kikoi chini, haoni uso. Akachagua iliyokatwa. Tukamtahadharisha kwamba majina yanayoandikwa chini ya picha yatapungua herufi upande huu na huu.

"Majina yao nayajua," akasema.

Na tangu usiku ule, jina lilipotokea bila kichwa au bila mkia, yeye mwenyewe, aliyekuwa hataki mtu aseme wakati wa habari, alilitamka zima kwa sauti, ili walio kwenye jamvi wasikie.